Kubadilisha Jenereta ya Gari-Nyumba la Zamani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Jenereta ya gari-nyumba lililotumika miaka ishirini au zaidi haizeeki peke yake. Mpira unaoiletea mafuta, nyaya zinazoipa umeme wa kuwashia, sahani ya chuma inayoibeba na bomba la ekzosi vyote vilifungwa pamoja nayo, na vyote vimekula vumbi, joto na unyevunyevu ule ule. Fundi anayetoa mashine kuukuu na kuweka mpya bila kugusa vitu hivyo huwa amefanya nusu ya kazi, na si ajabu mwenye gari akarudi upesi kulalamika kwamba mashine mpya nayo inazimika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu vile vinavyoizunguka jenereta. Umeandikwa kwa mtu aliyezoea spana na mita ya umeme, na pale panapohitaji fundi umeme mwenye leseni nimesema wazi.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba jenereta imekufa kweli

Jenereta nyingi hutupwa zikiwa bado zina uhai. Anza na mafuta: chomoa mpira unaotoka kwenye tanki la gari, kisha uilishe mashine kutoka kwenye dumu safi lililowekwa mbali na joto. Ikiwaka na kutulia, tatizo liko kwenye mpira, filta au pampu. Kabureta iliyoachwa na petroli ya zamani kwa miezi mingi hujaa utando wa kunata unaoziba vijitundu vyake, na kuisafisha au kuibadilisha ni kazi ndogo ukilinganisha na hii uliyokusudia.

Ikiwa injini inawaka lakini inazima mara tu unapoachia swichi, pima kwanza kiwango cha oili, kwa kuwa mashine nyingi zina kinga inayozima injini oili inapopungua. Oili ikiwa sawa, huenda kadi ya udhibiti haipati ishara kwamba umeme unazalishwa. Katika jenereta zenye brashi za kaboni, uchafu kwenye pete za shaba baada ya kukaa muda mrefu unatosha kuzuia umeme usitoke, na brashi mpya pamoja na kusafisha pete hurudisha hali. Badilisha mashine ikiwa mgandamizo wa silinda umekwisha, koili zimeungua au kuvuja hadi kwenye bodi, au vipuri vyake havipatikani tena.

Hatua ya 2: Chagua ukubwa kwa kuhesabu mzigo

Orodhesha vifaa vitakavyofanya kazi kwa wakati mmoja na ujumlishe wati zake. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampea: jenereta ya wati 4000 hutoa takribani ampea 33 kwenye mfumo wa volti 120, au ampea 17 kwenye mfumo wa volti 230. Kinachosumbua hesabu ni kiyoyozi cha paani, kwa sababu kompresa yake hunyonya umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida kwa kitambo kifupi inapoanza. Mtu anayetaka viyoyozi viwili viende pamoja asitarajie mashine ya wati 4000 imtosheleze.

Kumbuka pia mwinuko wa mahali utakapotumia gari. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takribani asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo mashine inayotosha pwani inaweza kulemewa milimani. Hakikisha masafa na volti vinalingana na vifaa vya gari, yaani hezi 60 kwa magari yaliyoundwa kwa soko la Marekani au hezi 50 kwa yale ya Ulaya. Aina ya mafuta nayo ifuate tanki lililopo, kwani kubadili kutoka petroli kwenda dizeli au gesi ni mradi mwingine kabisa.

Ninasisitiza jambo moja hapa: usifunge ndani ya kizimba (sanduku la gari linalohifadhi jenereta) jenereta ya kubebeka iliyotengenezwa kufanya kazi uwanjani. Mashine hiyo hubeba tanki lake karibu na injini, na mpangilio wake wa hewa haukukusudiwa nafasi iliyofungwa, kwa hiyo hupata joto kupita kiasi karibu na mvuke wa petroli. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya magari-nyumba, kama zile za Onan, ambazo zimeenea sana katika magari ya Amerika Kaskazini.

Hatua ya 3: Pima kizimba kabla ya kununua

Pima urefu, upana na kina cha kizimba, kisha ulinganishe na mchoro wa mtengenezaji, ukiongeza nafasi ya hewa anayoitaka kila upande. Angalia hewa inaingilia wapi na kutokea wapi, ekzosi inaelekea upande gani, mlango wa oili unafikika kutoka nje au la, na matundu ya boliti yako wapi. Mashine mpya mara nyingi ni ndogo kuliko ya zamani, lakini udogo huo hausaidii ikiwa inatoa hewa ya moto chini huku sakafu ya kizimba chako imezibwa.

Hatua ya 4: Zima kila kitu

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, weka kabari kwenye magurudumu na uache injini ipoe kabisa. Chomoa umeme wa nje, zima inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), funga silinda ya gesi, kisha toa waya hasi wa betri zote, ya gari na ya nyumba. Weka kizimamoto karibu. Ukilazimika kuingia chini ya gari, lishikilie kwa stendi imara za chuma zilizowekwa chini ya fremu. Majeki ya kusawazishia gari pamoja na mifuko ya hewa ya springi havipaswi kuaminiwa kumlinda mtu, kwani vikipoteza shinikizo bodi hushuka ghafla bila onyo.

Hatua ya 5: Tenganisha na ushushe mashine

Piga picha za kila kiungo, kisha ufunge lebo kwenye kila waya ukiandika kazi yake. Rangi peke yake si ushahidi katika gari la zamani ambalo huenda limepita mikononi mwa mafundi wengi. Ziba mpira wa mafuta kwa kizibo kinachobana, maana katika magari mengine tanki liko juu ya jenereta na mafuta hutiririka yenyewe.

Jenereta ya petroli ya wati 4000 ina uzito wa karibu kilo 80, na za dizeli zilizo kubwa hupita kilo 150. Tumia meza ya kuinulia au jeki ya giaboksi yenye ubao mpana, uiegemeze chini ya fremu ya mashine, wala si chini ya sampu (bakuli la chini linalohifadhi oili). Inua kidogo mpaka boliti zilegee ndipo uzitoe, ukianza na za mbali na wewe. Boliti zilizoshikwa na kutu zilowekwe dawa ya kulegeza siku moja kabla. Shusha taratibu, usimame pembeni na usiweke mkono kati ya mashine na fremu.

Hatua ya 6: Kagua kizimba kikiwa kitupu

Hii ndiyo nafasi ambayo huenda usiipate tena kwa miaka mingi. Gonga sahani ya kubebea kwa nyundo ndogo, inchi kwa inchi, hasa pale mabamba mawili yanapokutana, kwa sababu maji hukaa humo na chuma huliwa kutoka ndani. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali, kilicholiwa hutoa sauti butu, na maganda ya kutu huanguka kama vipande vya keki. Sehemu iliyofikia hapo ikatwe na kuchomelewa upya baada ya kuondoa mipira na nyaya zote za karibu na kutoa mvuke wa mafuta. Boliti na raba za kuzuia mtikisiko ziwe mpya.

Kisha tazama ukuta unaotenganisha kizimba na sehemu ya kulala. Kila tundu linalopitisha waya au bomba lizibwe kwa raba na gundi isiyoshika moto. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hupenya kwenye upenyo usioweza kuuona bila tochi. Njia nzuri ya kukagua ni kuwasha taa kali ndani ya kizimba usiku na kutazama kutoka ndani ya gari, kwa kuwa mwanga unapopita, hewa nayo inapita.

Hatua ya 7: Badilisha njia yote ya mafuta

Kata kipande cha mpira wa zamani na uchungulie ndani. Mara nyingi utaona ganda la ndani limevimba na kuachana na la nje, hasa palipotumika petroli yenye ethanoli. Mpira wa namna hiyo unaweza kuonekana mzima kwa nje, ilhali pampu inapovuta, ganda la ndani hujikunja na kuziba njia. Mashine huwaka vizuri na kufa inapobebeshwa mzigo, na mwenye gari humlaumu mtengenezaji wa jenereta.

Nunua mpira wa kipenyo kile kile uliopigwa alama ya SAE 30R9 (kiwango cha ubora wa mipira ya mafuta) ikiwa mashine mpya ina mfumo wa injeksheni. Kwa kabureta, mpira bora wa kiwango cha 30R7 unakubalika, ingawa binafsi napendelea 30R9 kwa sababu inastahimili ethanoli na joto vizuri zaidi. Badilisha kuanzia kwenye tanki, usiishie pale mkono unapofika kwa urahisi. Weka filta mpya, pitisha mpira mbali na ekzosi na kingo kali, na uufunge kwa vibano visivyokata mpira. Usirefushe kijibomba cha kuvutia mafuta kilicho ndani ya tanki. Kimewekwa kifupi kwa makusudi ili jenereta iishiwe wakati bado kuna mafuta ya kulifikisha gari penye kituo, mara nyingi karibu robo ya tanki.

Hatua ya 8: Nyaya

Kwa kuwa mashine inakaa juu ya raba, haina mawasiliano ya uhakika na fremu ya gari, hivyo inahitaji waya wake mnene wa ardhi. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga, kisha upake grisi ya kuzuia kutu. Baadaye, mtu akizungusha stata, pima volti kati ya nguzo hasi ya betri na bodi ya injini. Ikizidi nusu volti, kiungo fulani kati yake ni kibovu. Rudia kipimo hicho upande wa chanya.

Plagi ya swichi ya mbali isiunganishwe kwa kufuata rangi. Fuata michoro ya mashine zote mbili, kwa kuwa katika jenereta nyingi waya wa kuwashia hufanya kazi unapogusishwa kwenye ardhi, wakati nyingine hutaka umeme chanya. Ukichanganya hayo mawili unaweza kuunguza kadi ya udhibiti ya mashine mpya.

Upande wa umeme mkubwa (wa volti 120 au 230) ni wa fundi mwenye leseni, lakini ujue cha kumuuliza. Unene wa waya na ukubwa wa kikata umeme viendane na ampea za mashine mpya. Nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ardhi viungane kwenye jenereta wakati gari linapotumia jenereta, na swichi ya kubadilisha umeme ikate waya wa moto pamoja na nyutro, ili gari likichomekwa umeme wa nje muungano ule usiwepo tena ndani ya gari. Nyutro ikiungana na ardhi katika sehemu mbili, umeme hurudi kupitia bodi ya gari, na kinga ya uvujaji kwenye nguzo ya umeme ya kambi ya magari-nyumba hujikata kila mara.

Hatua ya 9: Pandisha mashine mpya na ufunge ekzosi

Inua, linganisha matundu, ingiza boliti zote kwa mkono, ndipo ukaze kwa spana ya torki kwa kipimo kilicho kwenye kitabu. Tumia bomba la ekzosi linalotolewa kwa ajili ya mashine hiyo. Mdomo wake utokeze nje ya ukingo wa gari, usielekee dirisha, mlango wala tundu la friji, na bomba libebwe kwa vining'inizo visivyoungua.

Hatua ya 10: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Pima oili kwanza, kwa kuwa baadhi ya mashine husafirishwa zikiwa tupu. Rudisha waya za betri, jaza njia ya mafuta kwa pampu, halafu kagua kila kibano kwa kidole kikavu kabla ya kugusa swichi. Washa mashine huku vikata umeme vikiwa vimezimwa, na uiache ipate joto kwa dakika chache.

Pima volti na masafa bila mzigo. Mashine yenye gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) ya kimakanika huwa juu kidogo ya hezi zake na kushuka mzigo unapoongezeka, jambo ambalo ni la kawaida. Ongeza mzigo kidogo kidogo: taa, kisha chaja ya betri, kisha hita ya maji, na kiyoyozi mwisho. Wakati huo kengele mpya ya kaboni monoksaidi iwe imewashwa ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Ikilia, zima, toka nje na utafute upenyo, wala usijaribu kuishi nayo.

Acha mashine ifanye kazi bila mzigo kwa dakika chache kabla ya kuizima, ipoe, kisha ukaze upya boliti za kubebea na viungo vya ekzosi. Jenereta nyingi ndogo za petroli hutaka oili ya kwanza imwagwe baada ya takribani saa 20 za kazi, kwa hiyo andika kwenye mlango wa kizimba kipimo cha mita ya saa siku uliyoifunga. Hata gari likiwa limeegeshwa, iwashe mara moja kwa mwezi kwa saa mbili hivi ikiwa na karibu nusu ya mzigo wake, ili petroli isigande kwenye kabureta na unyevu ukauke kwenye koili.