Jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo kujiepusha na sumu za nyumbani

Nafundisha chekechea, na wazazi wengi huniuliza namna ya kumfanya mtoto aitambue sumu. Mimi namfundisha kuuliza kwanza. Mafuta ya taa yakiwa kwenye chupa ya maji, mtoto anaona maji.

Hatua ya 1: Funga
Dawa, sabuni za maji, mafuta ya taa na sumu ya panya vikae juu, kwa ufunguo, kwenye vyombo vyake vya asili. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 usitegemee somo hata kama amelikariri. Bado anavijua vitu kwa kuvitia mdomoni.

Hatua ya 2: Sentensi moja
"Sikijui, sikigusi, nauliza." Nyumba nzima iseme hiyo hiyo, dada wa kazi na babu wakiwemo.

Hatua ya 3: Mazoezi ya picha
Hapa ndipo kazi ilipo. Piga picha kwa simu vyombo vya nyumbani kwenu, vya salama na vya hatari, umwonyeshe kimoja kimoja. Chati za kununua sizipendi, maana zina chupa ambazo mtoto hajawahi kuziona. Makopo matupu ya dawa pia usiyatumie: ukimpa leo achezee, kesho atalichezea lililojaa.

Alama ya fuvu na mifupa mwonyeshe, ila usiishie hapo. Vidonge vingi havina alama hiyo, na kitu kikishahamishiwa chombo kingine alama imebaki kule. Wala usimfundishe kunusa ili atambue. Mvuke wenyewe unaweza kumdhuru.

Kisha weka picha ngumu: maji maji ya rangi kwenye chupa ya soda. Akisema "soda", mrudishe polepole kwenye sentensi yetu. Hapo jibu sahihi ni "nauliza", hata kama kweli ni soda.

Akishaweza picha, hamia mahali penyewe, kwa sababu mtoto anayejibu vizuri mezani anaweza kusahau yote akiwa peke yake chooni. Simama naye mlangoni umuulize: "Ukikuta chupa hapa chini, unafanyaje?" Jibu la mdomo halitoshi. Mikono aifiche nyuma, ageuke, atembee mpaka alipo mtu mzima, aseme alichokiona. Rudieni mpaka miguu izoee. Usimtegee sumu halisi ili kumpima, hata kama umesimama karibu.

Hatua ya 4: Dawa iitwe dawa
Usimwambie ni pipi ili ameze. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito vinaweza kumuua mtoto mdogo, na vingine vina rangi nzuri kabisa. Dawa zako meza asipokuona, kwani anaiga.

Hatua ya 5: Aseme bila kuogopa
Mwahidi kwamba akigusa au akimeza kitu na akasema, hachapwi. Utimize.

Akiwa amemeza, usimtapishe. Mafuta ya taa yakipanda huingia kwenye mapafu, na dawa ya kuzibulia choo huunguza koo mara ya pili. Mpeleke hospitali na chombo chenyewe, wakione. Betri ndogo ya duara inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Ukishuku tu kwamba ameimeza, ondokeni papo hapo, hata kama anacheza kama kawaida.