Somo: Kurudisha koleti za valvu kwenye hedi ya 1NZ

Wakuu, hedi (kichwa cha injini) ikishasagwa siti, pale valvu zinapokalia, na kuoshwa, inabaki kazi ambayo vijana wengi wanaikimbiza: kurudisha koleti, vile vipande viwili vidogo vinavyokaa kwenye mfereji wa mkia wa valvu na kuishikilia springi. Wengine mnaziita loki. 1NZ, injini ya Toyota IST na Probox, ina valvu 16, kwa hiyo koleti ni 32. Moja ikikaa nusunusu, injini ikipandishwa moto springi inachomoka, valvu inadondokea ndani na pistoni inaikuta hapo. Nimeshafungua injini ya hivyo. Pistoni ilikuwa imetoboka, na mwenyewe alikuwa na wiki mbili tu tangu alipie matengenezo.

Kwanza ziba matundu yote ya oili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Hili msilidharau, koleti ikizama humo mtaitafuta hadi usiku. Kila valvu irudi pale iliposagiwa, na kila tapeti, kile kikombe kinachokaa juu ya valvu na kusukumwa na kemshafti, kwenye tundu lake, maana kwenye injini hii unene wa tapeti ndio unaopanga nafasi inayobaki kati yake na kemshafti.

Sili mpya za mkia wa valvu, zile mpira zinazozuia oili isishuke, zikishakaa, paka oili mkia wa valvu uupitishe taratibu huku ukiuzungusha, kwa sababu kingo za mfereji wake huchana mdomo wa sili. Weka springi, weka sahani yake juu, kisha funga klampu ya kubania springi. Mguu mmoja ukae katikati ya uso wa valvu, mwingine kwenye sahani, kwa kichwa chembamba kisichokwaruza tundu la tapeti. Bana mpaka mfereji uonekane wote, basi. Ukizidisha, sahani inaenda kuiponda sili.

Sasa grisi. Gusa ncha ya bisibisi ndogo kwenye grisi, ibandike koleti kwa mgongo, upande mwembamba ukitazama chini. Ipeleke kwenye mkia mpaka usikie imeingia kwenye mfereji, kisha isogeze upande wa mbali. Weka ya pili mbele. Grisi itazishika zote mbili wakati mkono wako unalegeza klampu, polepole, macho yakiwa hapo hapo na tochi karibu. Vichwa vya koleti viwe sawa na mianya kati yake pande mbili ilingane. Moja ikipanda juu ya mwenzake, bana tena uanze upya.

Zikiisha zote, inua hedi juu ya vipande vya mbao ili valvu zipate pa kushukia, funika kwa kitambaa, gonga ncha ya kila mkia mara mbili tatu kwa nyundo ya plastiki. Iliyokaa vibaya itaruka hapo mezani. Vaa miwani.

Swali: Fundi, kwetu wanatumia soketi na nyundo, wanagonga koleti zinaingia zenyewe. Ni sawa?

Kutolea, sawa, nami nimefanya. Kurudishia sikushauri, kwa sababu huioni koleti inavyokaa, na springi yenyewe inaweza kulala upande.

Swali: Koleti za zamani zinarudi?

Zinarudi kama ukingo wa ndani bado mkali na mgongo haujalika. Ukiona moja imeisha, badilisha zote mbili, na uangalie mfereji wa valvu kwa kucha: ukiwa umeviringika kingo, valvu hiyo haifai.

Swali: Zangu zinagusana kabisa, hakuna mwanya. Nina gari ya Ulaya.

Hesabu mifereji kwenye mkia. Zenye mifereji mitatu huwa zimeundwa zigusane ili valvu iweze kuzunguka. Za mfereji mmoja nyingi hubana mkia, hivyo mwanya lazima ubaki. Zikigusana, zimelika au si saizi yake.

Swali: Moja imepotea mkuu. Niazime ya injini nyingine?

Hapana, mteremko wa mgongo unaweza kutofautiana kidogo usichokiona kwa macho. Pitisha sumaku kwenye njia za oili na kwenye matundu ya hewa kabla hujafunga chochote, hata kama mpya umeshanunua.