Jinsi ya kuagiza na kula phở bila kuharibu mchuzi

Nimebeba mabakuli miaka minne kwenye mgahawa wa phở, ile supu ya Kivietinamu ya tambi za mchele na nyama, kusini-magharibi mwa Houston, Marekani, pande za Bellaire Boulevard, ambako unaweza kutembea mtaa mzima usome mabango ya Kivietinamu tu. Eneo hilohilo limejaa watu wetu: Wakongo, Wakenya, na Watanzania wachache. Walikuwa wakiingia, wanaitazama menyu yenye namba arobaini na kitu, kisha wanaagiza wali na nyama ya kuchoma kwa sababu ndicho kitu pekee wanachokitambua. Nawaelewa. Lakini ukienda kwenye nyumba ya phở ukala wali, umekwenda baharini kuoga kwa kopo.

Hatua ya 1: Litaje jina

Si "po", wala si "fo". Tamka f, kisha ile sauti unayoitoa ukiwa unasita kabla ya kujibu swali, halafu ipandishe mwishoni kama unayeuliza. Ukikosea hakuna atakayekucheka, na namba za kwenye menyu zipo kwa ajili hiyo: "namba kumi na tatu" inatosha.

Mhudumu naye ana jina. Wavietinamu huitana kwa undugu kama sisi. Kijana aliye mdogo kwako ni *em*, kaka ni *anh*, dada ni *chị*, na mama wa makamo ni *cô*, yaani shangazi. Ukimwita unaongeza *ơi* mwishoni, kazi yake ni kama "ee" yetu: *Cô ơi!* Mpishi wetu mimi nilimwita hivyo, naye akaniita *con*, mwanangu. Hakuwahi kuniita kwa jina langu hata siku moja.

Hatua ya 2: Nenda mapema

Kule Vietnam phở ni chakula cha asubuhi hasa, kama supu na chapati Dar es Salaam. Sababu iko jikoni. Mifupa ya ng'ombe yenye uboho hutokoswa dakika chache tu, yale maji machafu yanamwagwa, mifupa inaoshwa, ndipo inaanza safari yenyewe ya usiku kucha kwenye moto mdogo. Tangawizi na vitunguu vinachomwa na maganda yake mpaka vinakuwa vyeusi, kisha masizi yanakwanguliwa. Mdalasini, karafuu, iliki nyeusi na kile kiungo chenye umbo la nyota vinakaangwa vikavu, vinafungwa kwenye kitambaa na kutumbukizwa. Mara ya kwanza kuingia jikoni kwetu saa kumi na moja alfajiri nilidhani kuna mtu anapika pilau. Chumvi ya phở inatoka kwenye mchuzi wa samaki, ambao ni dagaa waliolala na chumvi kwa miezi mingi hadi wakatoa maji.

Ukienda jioni utakula, ila zile nyama nzuri mara nyingi zimekwisha. Kano ndizo za kwanza kuisha.

Hatua ya 3: Chagua nyama

Menyu inatisha kwa sababu ya urefu, lakini karibu mistari yote ni nyama zilezile zimepangwa upya. Jifunze maneno sita.

*Tái* ni vipande vyembamba vya nyama mbichi vinavyoivia kwenye bakuli. *Chín* ni nyama iliyokwisha kuiva. *Gầu* ni kidari chenye mafuta. *Gân* ni kano, zilizopikwa mpaka zinatetemeka. Anayependa makongoro aanzie hapo. *Bò viên* ni madonge ya nyama iliyosagwa. La sita ni *sách*, na hili nalipenda kuliko yote: maana yake ni "kitabu". Ni ule utumbo wenye kurasa kurasa, ambao hata bucha zetu huuita kitabu. Watu wawili walioko pande mbili za bahari wameutazama utumbo wa ng'ombe wakaona kitu kimoja.

Ukishindwa kuchagua, sema *đặc biệt*, unaletewa mchanganyiko. Bakuli dogo linashibisha. Kubwa ni la mtu aliyetoka kubeba zege.

Kwa Waislamu: phở ya ng'ombe si lazima iwe halali. Uliza nyama imetoka wapi, uliza pia kama kwenye sufuria kuna mfupa wa nguruwe, maana wapo wanaochanganya. Zile sambusa zao za kuviringisha, *chả giò*, kwa kawaida zina nguruwe. Phở ya kuku, *phở gà*, ipo, nayo ina sufuria yake.

Hatua ya 4: Onja kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikuwa kinara wao.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilipewa bakuli la mchana. Nikafanya nilivyozoea kwenye supu ya Kariakoo: ndimu nzima, pilipili, nikaona chupa ya sosi nyeusi nikamimina, nikaona nyekundu nikamimina. Mchuzi ukawa rangi ya matope. *Cô* akatoka jikoni akijifuta mikono, akalitazama bakuli langu kama mtu anayetazama gari lililogongwa. Hakunigombeza. Alirudi ndani, akaja na kibakuli cha mchuzi mtupu, hauna hata jani, akakiweka mbele yangu. "*Nếm đi*." Onja.

Ulikuwa mwepesi, unaona mpaka chini, na matone ya mafuta yanaelea juu kama sarafu ndogo. Kwanza nikapata mfupa, kisha utamu, halafu mdalasini ukaja nyuma kabisa nilipokwisha kumeza. Nikatazama lile tope langu nikaona aibu.

Kwa hiyo: vijiko viwili au vitatu kabla hujagusa chochote. Ndipo utajua unapungukiwa na nini. Pengine hupungukiwi na kitu.

Hatua ya 5: Tia viungo kwa mpangilio

Anza na nyama mbichi, kwa sababu inahitaji moto na moto unakimbia. Baba mmoja wa Bukavu aliwahi kuniita mezani: "Kijana, hii nyama haiyaiva." Nikamwomba aizamishe chini ya tambi kwa kijiko na asiiguse. Tulisimama wote wawili tunaichungulia. Ule wekundu ukageuka waridi, waridi ikawa kijivu, naye akacheka kama mtoto. Lakini kama hutaki kabisa, agiza *chín*, au omba *tái* iletwe kwenye sahani ya pembeni uivishe mwenyewe kidogo kidogo.

Kisha sahani ya majani. Yale meupe ya kutafunika ni choroko zilizochipua. Weka fumba moja tu, kwa maana ni za baridi na zitapooza mchuzi. Unaweza pia kuomba zichovywe kwanza kwenye maji ya moto. Jani lenye shina la zambarau ni aina ya mrehani. Lichume na kulikata kwa vidole, usitupie tawi zima. Jani refu lenye meno kama msumeno linanukia kama giligilani yenye hasira. Ndimu ni kipande, si tunda.

Sosi nyeusi tamu na ile nyekundu ya pilipili zimiminie kwenye kile kisahani kidogo, uchovye nyama humo. Wapo Wavietinamu wanaozitia bakulini, sikatai. Ni jambo lenye historia. Phở ilizaliwa kaskazini, Nam Định na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20, na huko inaliwa na majani ya kitunguu, siki ya vitunguu saumu na pilipili, basi. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954 watu wengi wa kaskazini wakahamia kusini, na Saigon ikaiongezea sukari, sosi na bustani nzima ya majani. Baada ya 1975 wakimbizi wa kusini ndio walioileta Marekani, ndiyo maana meza za Houston zimejaa chupa. Mzee wa Hanoi akiona hizo chupa anakunja uso.

Hatua ya 6: Kula

Vijiti mkono wa kulia, kijiko mkono wa kushoto. Inua tambi kwa vijiti, zilaze kwenye kijiko pamoja na mchuzi, peleka mdomoni. Kuvuta kwa sauti hakuna ubaya. Ukishindwa vijiti, omba uma. Usivisimamishe tu katikati ya chakula, maana vinafanana na ubani unaowashiwa wafu. Na usipige soga mno: tambi za mchele zinaendelea kunywa mchuzi, ukizubaa unabaki na uji.

Hatua ya 7: Kahawa, kisha kaunta

Agiza *cà phê sữa đá*, kahawa inayodondoka taratibu juu ya maziwa mazito ya kopo, kisha barafu. Kahawa ya Vietnam nyingi ni robusta, ukoo mmoja na ya Bukoba, kwa hiyo inapiga.

Usikae ukingoja bili. Kwenye migahawa mingi ya namna hii unainuka mwenyewe, unakwenda kaunta, unataja namba ya meza. Kwa Marekani mwachie mhudumu asilimia 15 hadi 20, maana mshahara wake wenyewe ni mdogo. Hilo nalijua vizuri.

Ukibeba nyumbani, hakikisha mchuzi, tambi na nyama vimefungwa mbalimbali. Chemsha mchuzi mpaka utokote kwa nguvu, umimine juu ya vingine vikiwa tayari bakulini. Kwenye maikrowevu, vyote pamoja, usithubutu.