Kuchagua oili ya Beetle iliyofungwa injini upya

Ukishafunga injini ya Volkswagen Beetle 1600, usikimbilie dukani kuulizia oili ya bei kubwa kuliko zote. Hapa Mombasa watu huniletea gereji galoni ya sinthetiki 5W-30 yenye herufi za kisasa kabisa, kwa nia njema ya kuitunza injini waliyoigharamia. Ni oili nzuri hiyo, ila imetengenezewa injini nyingine.

Anza na tapeti, vile vyuma vinavyosukumwa na kamshafti, yaani shafti ya kufungua valvu. Za Beetle ni bapa, zinasuguana moja kwa moja na kamshafti, na mgandamizo wote wa springi za valvu unaangukia kijisehemu kidogo sana cha chuma. Kinachozuia chuma kisile chuma pale ni dawa ya zinki na fosforasi iliyomo ndani ya oili: ikipata joto na mgandamizo, inajenga utando mwembamba juu ya kamshafti. Sasa fosforasi huharibu kataliti, ile inayosafisha moshi kwenye ekzosi za magari mapya, kwa hivyo kiwango chake kikapunguzwa. Tangu daraja la SM la 2004 la API, taasisi ya Marekani inayopanga viwango vya oili, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.08 ya fosforasi. Beetle yako haina kataliti. Haina faida yoyote na punguzo hilo, na kamshafti mpya ndiyo inayoumia.

Oili nzito kama 15W-40 na 20W-50 hazifungwi na kikomo hicho, lakini hilo peke yake si uthibitisho kwamba dawa imo ya kutosha. Tafuta karatasi ya maelezo ya oili yenyewe, uone zinki sehemu 1,000 hadi 1,200 hivi kwa milioni. Usione haya kununua 15W-40 ya dizeli iliyoandikwa CI-4/SL. Hiyo SL inakuambia imepimwa kwa petroli pia. Ukiona kwenye galoni maneno ya kuokoa mafuta, "Energy Conserving" au "Resource Conserving", irudishe rafuni. Na vile vichupa vya kuongezea zinki mimi sivitaki kwenye injini ninayoifunga. Zinki ikipita kiasi nayo hula chuma, na kipimo cha kukisia si kipimo.

Uzito je? Namba iliyo kabla ya W ni ya baridi, na Mombasa baridi hiyo haipo. Wengi hapa humwaga 20W-50 kwa mazoea. Kwa injini iliyochoka, sawa. Lakini iliyofungwa upya beringi zake zimebana, na Beetle haina maji: oili ni sehemu ya upoaji wake. Oili ikiwa nzito mno, valvu ya presha hufunguka, na sehemu ya oili hurudi chini bila kupita kwenye kipoza oili. Unadhani umeikinga na joto la kupanda kilima cha Mazeras saa saba mchana, kumbe umeinyima upoaji. Mimi naanza na 15W-40 ya madini, yaani isiyo ya sinthetiki, au SAE 30 tupu, ile yenye namba moja bila W. Sinthetiki isubiri, kwa sababu ringi za pistoni zinahitaji kusuguana na kuta za silinda mpaka zikae.

Injini inameza lita 2.5 tu. Kabla ya kuwasha, kamshafti na tapeti ziwe zilipakwa grisi ya molibdenamu wakati wa kufunga, valvu zimewekwa 0.15 mm injini ikiwa baridi, taimingi ya cheche iko sawa, mkanda wa feni umekaza. Toa plagi, chomoa waya wa koili, pigisha stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Rudisha kila kitu, washa, pandisha mara moja hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, uishikilie hapo dakika 20 huku ukiipandisha na kuishusha kidogo. Usiiache ikinguruma taratibu. Kamshafti ya Beetle hupata oili inayorushwa na kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na kranki ikizunguka polepole hairushi kitu.

Zima, mwaga oili ikingali moto. Fungua sahani ya chini yenye nati sita, toa chujio la waya, pitisha sumaku. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa maana yake injini irudi mezani leo hii. Funga kwa gasketi mpya na washa mpya za shaba, nati zikazwe newtonmita (Nm) 7 tu. Ukitumia nguvu za bega, studi zitang'oka kwenye bodi ya injini.

Badilisha tena kwenye kilomita 500, kisha 1,500, halafu kila 5,000. Ukiendesha njia za vumbi fanya 3,000, kwa sababu hakuna filta ya oili humu, ni lile chujio tu.

Nunua galoni ambayo sili yake haijaguswa, kwa muuzaji unayeweza kumrudia. Ikiisha, itoboe kabla ya kuitupa, maana galoni nzima ndiyo inayotafutwa na wanaouza oili bandia.