Jinsi ya kumvisha mtu gunyu-cholo, vazi la wanawake wa Nepal

Gunyu-cholo ni vazi la wanawake wa nchi ya vilima, katikati ya Nepal. Msichana hupewa la kwanza na familia yake kwa sherehe, kwa kawaida kabla hajavunja ungo. Basi usimvishe mtu harakaharaka kama anayejaribu nguo dukani.

1. Cholo
Hii ni blauzi ya mikono mirefu ambayo vipande vyake vya mbele hupishana kifuani. Haina vifungo, hufungwa kwa kamba sehemu nne. Anza na kamba za ndani, kisha lete kipande cha juu na ufunge za nje. Kabla hujakaza, mwambie anyanyue mikono na avute pumzi. Ukiweza, chagua kitambaa cha dhaka, kile chenye nakshi za pembepembe kinachofumwa Palpa na Terhathum.

2. Gunyu
Mvalishe gaguro, uifunge barabara. Chomeka kiunoni ncha ya gunyu, yaani kitambaa kirefu kama sari, zungusha raundi moja, kunja marinda mbele, kisha kipande kilichobaki kipite begani.

3. Patuka
Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuweka mkanda mwembamba wa pambo tu. Patuka ni kibwebwe hasa: kitambaa cha pamba cha mita kadhaa. Mama wa kijijini anayepanda mlima na mzigo mgongoni hukitegemea kukaza kiuno, na mikunjo yake huhifadhi pesa na vitu vidogo. Aliyejifungua hujifunga hicho hicho tumboni kama mkaja. Kwa hiyo kizungushe raundi nyingi, kila raundi ilalie nyingine, huku anayevishwa akigeuka polepole nawe ukiwa umeshika kitambaa kikiwa kimenyooka. Ncha ichomeke ndani, bila pini. Patuka ikikaa sawa, gunyu haitelezi hata akicheza ngoma.

Ukimvisha Mnewari, mtu wa jamii ya wenyeji wa Bonde la Kathmandu, mambo hubadilika. Kwake kuna haku patasi, nguo nyeusi yenye pindo jekundu, vazi la wakulima wa Kijyapu. Hiyo huishia juu ya vifundo vya miguu, nawe usiishushe.

4. Shanga
Pote ni shanga ndogo za kioo zilizotungwa nyuzi nyingi pamoja. Katikati yake mke wa mtu huweka tilhari, kidani cha dhahabu chenye umbo la mcheduara. Asiyeolewa usimvike tilhari.

Nyekundu ni rangi ya ndoa, na kwa desturi ya Kihindu mjane aliiacha pamoja na pote, akavaa nyeupe. Desturi hiyo iliwaumiza wengi. Lily Thapa, aliyeanzisha shirika la Women for Human Rights mwaka 1994, amewatetea wajane wavae nyekundu wakipenda. Basi ukiwa na mjane mbele yako, usimchagulie rangi. Mpe zote aguse, achague mwenyewe, ndipo uanze kufunga kamba.