Jinsi ya Kuamua Nani Ahakiki Mchezo wa Video: Mshabiki wa Aina Yake au Mchezaji wa Kila Aina

Mhariri wa jarida au chaneli ya michezo ya video akipata nakala moja ya mchezo kabla haujaingia sokoni, uamuzi wa kwanza anaoukabili ni nani aucheze na kuuandikia. Anaweza kumpa mtu aliyeizoea aina hiyo ya michezo kwa miaka mingi, anayezijua mbinu zake na matoleo yake yote ya nyuma, au anaweza kumpa mtu anayecheza kila kitu, leo mbio za magari, kesho mpira, keshokutwa kisa kirefu cha kuzunguka misituni. Mwongozo huu unachukua msimamo tangu mwanzo: mara nyingi nakala apewe mshabiki, ila andiko lake lihaririwe kwa ukali kuliko la mtu mwingine yeyote. Kosa la mgeni hugunduliwa na wasomaji siku hiyohiyo na kuzua kicheko, ilhali kosa la mshabiki hujificha ndani ya yale ambayo hakuona haja ya kuyaandika.

Uchunguze mchezo kabla ya kumfikiria mtu

Jiulize kwanza thamani ya mchezo huo huonekana lini. Iwapo uzuri wake hujitokeza baada ya mchezaji kujifunza jambo ambalo michezo mingine haimfundishi, mtu wa kila aina yumo hatarini kuuhukumu kabla haujaanza kuzungumza naye. Mfano ninaourudia kila ninapojadili jambo hili ni God Hand, mchezo wa mapigano ya mikono uliotengenezwa na Clover Studio kwa ajili ya PlayStation 2 na kutolewa na kampuni ya Capcom mwaka 2006. Katika michezo mingi ya wakati ule, kijiti cha kulia cha pedi kilikuwa cha kuzungushia kamera, kwa hiyo mtu aliyekishika kwa mazoea hayo angeona kamera haitii na mhusika anarukaruka ovyo. Katika God Hand kijiti hicho ni cha kukwepa: ukikisukuma juu mhusika anainamisha kichwa, ukikisukuma pembeni anachepuka, ukikivuta nyuma anaruka kinyumenyume, na mapigano yote yamejengwa juu ya ukwepaji huo. Isitoshe, mchezaji hujipangia mwenyewe mapigo yatakayofuatana, na kadiri anavyocheza vizuri ndivyo mchezo unavyoongeza ugumu wakati huohuo. Tovuti ya michezo ya IGN iliupa alama 3 kati ya 10. Wapenzi wa michezo ya mapigano wameendelea kuusifu hadi leo, na wengi wao huuhesabu miongoni mwa kazi bora za mfumo ule.

Mchezo wa namna hiyo usimpe mtu ambaye hatakuwa na subira ya kuuliza kwa nini kijiti kimewekwa pale kilipo.

Lakini ipo michezo ambayo mshabiki huiona kupita kiasi, akavutiwa na kile inachokifanya vizuri mpaka asiulize ambacho haikijaribu kabisa. Jarida la Edge la Uingereza, katika uhakiki wake wa Doom, mchezo wa kufyatulia risasi majini, mwaka 1994, liliupa mchezo huo alama 7 kati ya 10 na kusikitika kwamba mchezaji hawezi kuzungumza na viumbe wanaomshambulia na pengine kufanya urafiki nao. Sentensi hiyo imechekwa kwa miongo mitatu. Mimi naona mwandishi yule alikosea kuhusu Doom na alipatia kuhusu michezo ya video kwa ujumla, kwa maana mwaka 2015 ulitoka Undertale, ambao umejengwa juu ya uwezekano wa kuzungumza na majini badala ya kuwaua, na watu wakaupenda mno. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ingawa wakati mwingine dawa ya mgeni huchukua miaka ishirini na zaidi kufanya kazi.

Kwa hiyo kanuni ya hatua hii ni nyepesi. Mchezo unaoendeleza mfululizo wa zamani au unaodai ustadi mpevu, mpe mshabiki. Mchezo unaojitangaza kuwa ni wa kila mtu, au unaochanganya aina mbili tatu kiasi kwamba hakuna anayeweza kudai kuwa ni wake, mpe mtu wa kila aina.

Mpime mtu kwa maswali, si kwa sifa alizojipa

Usimuulize mtu kama anapenda michezo ya mapigano, kwani kila anayetaka nakala ya bure ataipenda. Mwambie akutajie mchezo mashuhuri wa aina hiyo anaouona mbovu, kisha aueleze ubovu wake kwa kutaja kitu kinachofanyika kwenye skrini au mikononi mwa mchezaji. Asiyekuwa na mchezo hata mmoja anaoukataa ni mshabiki wa kuogopwa, maana atasifu chochote chenye jina analolijua.

Hakikisha pia kwamba ushabiki wake ni wa aina unayoihitaji kweli. Afrika Mashariki hili ni jambo la kila siku, kwa sababu vibanda vya gemu vilivyoenea mitaani vimelea vizazi vya wachezaji wa Tekken na mpira, na mhariri wa Dar es Salaam au Mombasa hatakosa mtu mwenye vidole vyepesi. Hata hivyo, bingwa wa Tekken si lazima awe mjuzi wa Street Fighter. Tekken ina vitufe vinne vya mashambulizi, kila kimoja kwa kiungo kimoja cha mwili, mikono miwili na miguu miwili, na wapiganaji huchepuka kwenda pembeni; Street Fighter ina vitufe sita, ngumi tatu na mateke matatu ya nguvu tofauti, na mapigano hubaki kwenye mstari mmoja ambamo umbali kati ya wawili ndio kila kitu. Vivyo hivyo, anayewafunga wenzake kibandani kwenye EA Sports FC anaweza kuchoshwa mno na Football Manager, ambamo hutagusa mpira hata mara moja, bali utakaa na majedwali, mishahara na ripoti za wasaka vipaji. Wote wawili wanapenda soka. Wanachokipenda ndani ya mchezo wa video ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mtu wa kila aina naye apimwe, na kipimo chake ni kimoja: yuko tayari kujifunza kwa kiasi gani kabla hajalaumu? Mwaka 2017 mwandishi wa tovuti ya GamesBeat alirekodiwa katika maonyesho ya Gamescom akihangaika kwenye sehemu ya mafunzo ya mchezo wa Cuphead, akashindwa kwa muda kuunganisha kuruka na kuchomoka katika tendo moja. Video ile ilimletea matusi mengi, na wengi walisahau kwamba haikuwa uhakiki wenye alama. Kushindwa si dhambi. Anayeshindwa akaandika kwamba ameshindwa, na akaeleza alikwama wapi, amemsaidia msomaji anayefanana naye.

Kazi uiandike kabla hajaanza kucheza

Hapa ndipo wahariri wengi wanapozembea, na hapa ndipo tofauti kati ya watu hawa wawili inaweza kurekebishwa. Tazama kilichotokea kwa Street Fighter V, iliyotoka Februari 2016 kwa PlayStation 4 na kompyuta. Mapigano yake yalisifiwa na wachezaji wazoefu, nao hawakusema uongo. Lakini mchezo ule ulitoka bila ile njia ya kawaida ya kupambana na kompyuta ngazi kwa ngazi hadi bosi wa mwisho, kisa kikuu kilikuja miezi kadhaa baadaye, na seva zilisumbua siku za mwanzo. Mshabiki aliyetumia muda wake kwenye chumba cha mazoezi na mapambano ya mtandaoni hakupungukiwa na kitu, wakati mnunuzi aliyekuwa peke yake nyumbani, asiye na intaneti ya uhakika wala mdogo wake wa kucheza naye, alikuwa na mchezo unaokaribia kuwa mtupu. Capcom ilitarajia kuuza nakala milioni 2 hadi mwisho wa Machi mwaka huo, ikapata kama milioni 1.4, na njia ile iliyokosekana ililetwa na toleo jipya la mchezo huo, Arcade Edition, mnamo Januari 2018.

Karatasi ya kazi ya mshabiki, basi, imlazimishe kuacha mazoea yake kwa saa chache. Kwa Street Fighter 6 ya mwaka 2023, kwa mfano, ningemwandikia acheze sehemu ya mwanzo yote kwa mfumo wa vidhibiti unaoitwa Modern, ambao yeye kwa hiari yake hangeugusa. Katika mfumo wa kawaida, mpiganaji Ryu hurusha kombora lake liitwalo Hadoken kwa kuteremsha kijiti chini, kukipitisha mshazari kuelekea mbele, kukifikisha mbele na kubonyeza ngumi, yote kwa mkupuo mmoja wa kidole gumba; aliyezoea hafikirii tena anavyofanya, na anayeanza hutoa ngumi tupu mara kumi kabla ya kombora moja kutoka. Katika Modern, kombora hilohilo hutoka kwa kitufe kimoja, ila madhara yake yamepunguzwa kidogo ili njia ya mkato isiwe na faida ya bure. Mshabiki asipotumwa, ataipitia habari hiyo kwa sentensi moja yenye dharau, na msomaji ambaye angenunua mchezo kwa sababu hiyo pekee hataijua.

Karatasi ya mtu wa kila aina iwe na amri ya kinyume chake: acheze hadi afike mahali ambapo mchezo unamwadhibu kwa kutoelewa, na asiache hapo. Apewe pia namba ya simu ya mshabiki mmoja, amuulize kila anapotaka kuandika kwamba jambo fulani limeharibika. Mara nyingine limeharibika kweli.

Hariri kwa kutafuta kisichoandikwa

Andiko la mshabiki likifika, usianze na lugha yake. Tafuta kwanza maneno ambayo hakuyafafanua, kisha tafuta mambo ya kawaida ambayo hakuyataja kwa kuwa kwake si habari. Kwa msomaji wa huku mambo hayo huwa ni ukubwa wa mchezo, kwa kuwa Tekken 8 huhitaji takriban GB 100 kwenye kompyuta na bando la kupakua kiasi hicho ni gharama inayojitegemea; kama unachezeka bila intaneti; kama watu wawili wanaweza kuketi sebuleni na pedi mbili; na kama mapambano ya mtandaoni yanavumilika kwa mtu aliye mbali na seva. Msomaji anayetazamia kutoa dola 70 ana haki ya kuyajua hayo kuliko kujua kwamba mhusika fulani wa mwaka 1999 amerudi.

Kila ulinganisho na toleo la nyuma uwe na maelezo. “Umepungua kasi kuliko ule wa tatu” ni sentensi inayomfaa mtu aliyeucheza wa tatu tu.

Andiko la mtu wa kila aina litafutiwe kasoro nyingine: lawama zinazoielekea aina nzima ya michezo badala ya mchezo uliopo mezani. Akilalamika kwamba mchezo wa kusimamia timu hauna msisimko wa kupiga mpira, mrudishie. Na wote wawili waseme katika aya ya kwanza wao ni nani mbele ya mchezo huu, wameucheza kwa saa ngapi, kwenye mashine gani, na kama waliumaliza.

Ukiwa na watu wawili

Jarida la Famitsu la Japani limetumia kwa miaka mingi wahakiki wanne kwa mchezo mmoja, kila mmoja akitoa alama hadi 10, jumla 40, na wa kwanza kufikisha 40 kamili ulikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time mwaka 1998. Mpango huo una hekima ndani yake, ila hekima haimo katika ile jumla. Imo katika zile alama nne zilizopangwa sambamba, ambapo msomaji anaona kwamba mmoja ametoa 9 na mwingine 6, akasoma sababu zao fupi na kujua yeye yuko upande wa nani. Ukipata watu wawili, chapisha alama mbili. Wastani wa mshabiki aliyetoa 9 na mgeni aliyetoa 5 ni 7, alama ambayo hakuna hata mmoja wao anayeiamini. Na wastani una madhara nje ya ukurasa: mwaka 2012 Chris Avellone wa studio ya Obsidian alieleza kwamba bonasi ya waliotengeneza Fallout: New Vegas ilitegemea wastani wa 85 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, na mchezo ulipata 84.

Hatimaye, panga mapema nani ataurudia mchezo ukibadilika. Gran Turismo 7 ilipotoka Machi 2022, bei za magari kwa fedha halisi zilionekana wazi baada ya tahakiki nyingi kuchapishwa, kisha sasisho la mwezi huohuo likapunguza zawadi za baadhi ya mashindano, na matengenezo yakauzima mchezo kwa zaidi ya siku nzima, ilhali sehemu kubwa yake huhitaji intaneti hata kwa anayecheza peke yake. Marudio ya namna hiyo apewe yule ambaye hakuandika mara ya kwanza. Ikiwa mshabiki ndiye aliyeanza, nakala aliyoitumia huenda ilitoka kwa kampuni na akaunti yake imeshajaa magari. Mwenzake aanze upya na akaunti tupu, na tarehe ya kucheza pamoja na namba ya toleo ziandikwe juu kabisa ya andiko jipya.