Simu inyamaze wakati makasi iko mu mukono

Nashona nguo kule Kamalondo, hapa Lubumbashi. Mwaka jana nilikata kitenge ya mama moja kombo, yadi 6, nguo ya ndoa: simu ikalia, macho ikaenda kule, makasi ikaendelea. Kitenge nililipa, lakini kumuangalia ule mama mu uso ilikuwa nguvu sana. Na usiseme "mi nasikia tu, sishike", juu mu 2015 batafuti ba chuo kikuu cha Florida State, Marekani, balipima ile kitu, bakaona mulio peke yake, hata mutu asiguse simu, inaharibu kazi yenye inaomba akili.

Ya 1. Usiguse simu kwanza, chukua karatasi. Andika bantu benye bakiita unaacha makasi. Mi niko na 4: mama yangu, bwana yangu, mwalimu ya mutoto wangu, na yaya mwenye nashona naye. Ukifika 10 haujachagua, pima tena.

Ya 2. Kwa Android, ingia mu majina ya simu, tia bale bantu nyota. Kisha Paramètres, Notifications, "Ne pas déranger" (njo inanyamazisha simu, isikusumbue), na ku sehemu ya bantu benye banaweza kuita, acha ba nyota tu (majina inabadilika kidogo kufuata simu). Kuna pia fasi ya mutu mwenye anarudilia kuita, ile iache wazi: akiita mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia hata kama hana nyota. Ku iPhone ni dakika 3. Hii njo ilinitoa woga, juu ugonjwa na kifo haziangalie ratiba, na mwenye iko na shida ya kweli ataita tena.

Ya 3. WhatsApp, hapa njo kazi yenyewe iko. Grupu ya familia, ya kanisa, ya likelemba, ya bazazi ba masomo, na komite za ndoa zenye zilishapita zamani! Fungua grupu, bonyeza jina yake, nyamazisha, itakuuliza masaa 8, wiki 1 ao siku zote. Chagua siku zote. Hautatoka mu grupu, na mesaji zinakungoja. Lakini bakiliya usibanyamazishe bila kubaambia, ile ni dharau. Mi niliandika chini ya jina yangu: "Najibu saa 12 na saa 17", na najibu kweli. Mumoja alikasirika akaenda kwa mushonaji mwingine, nilikubali.

Ya 4. Kama unafunguaka WhatsApp ku kompyuta, zima mulio ya kule pia.

Ya 5. Usiku, weka ratiba ndani ya "Ne pas déranger", mi naanza saa 21. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, bandugu bakiandika saa 22 kwao, kwetu ni 23. Na usiwashe na mukono kila siku, acha simu ijiwashie yenyewe, juu rezo ikipotea mangaribi irudi usiku katikati, mesaji zote zinaingia mara moja na mutoto analala pembeni yako.